Jina la Baba Kwenye Kioo cha Redio

Mwanangu, nakumbuka asubuhi niliyokubali kuliandika jina la baba yangu kwenye kioo cha redio, na sijawahi kuikumbuka bila kutamani ningekataa. Sikulazimishwa. Niliombwa kwa upole, nikasema sawa.

Wakati huo nilikuwa fundi wa mitambo katika kituo kidogo cha redio mjini Kericho. Wewe umezaliwa ukakuta redio ya gari inaandika jina la kituo, kwa hiyo huenda hujajiuliza linatoka wapi. Linatoka kwetu kituoni. Pamoja na sauti ya mtangazaji, mtambo hurusha maandishi yasiyosikika, na redio yako ikiyapokea huyaonyesha. Kuna nafasi ya jina la kituo, herufi nane tu, na pengo kati ya maneno huhesabiwa pia. Kuna mstari mwingine mrefu zaidi, wa kuandika wimbo unaopigwa au kipindi kilicho hewani, lakini redio nyingi za bei nafuu hazikuuonyesha. Zilionyesha zile herufi nane, basi.

Mzee Otieno, mtu wa upande wa ziwa aliyezeekea Kericho, ndiye aliyenifundisha kazi, na alinionya mapema. "Reuben, hapa ni mahali pa jina. Ukianza kupitisha maneno mengine hapa, dereva ataacha kuangalia barabara akusome wewe." Nilicheka. Alipostaafu tu, nikaanza kupitisha: KARIBU, kisha HABARI, kisha MVUA LEO. Watu walipenda. Meneja alipenda zaidi.

Baba alifia hospitalini asubuhi ile niliyoitaja. Baba mdogo Joel, aliyekuwa naye, alinipigia simu. Kwetu habari ya kifo hairushwi tu. Mtu mzima huenda kwa mwenye msiba, anakaa, anakunywa chai, anauliza ng'ombe wanaendeleaje, ndipo polepole anasema kilichomleta. Na mdogo wangu Wilson, dereva wa lori, alikuwa Mulot akipakia mahindi.

"Nimeshapanda gari kumfuata Wilson," baba mdogo akasema. "Nitamwambia mwenyewe nikiwa nimemshika mkono. Wewe funga mdomo mpaka nikupigie. Umesikia?"

"Nimesikia, baba mdogo."

Meneja alinikuta nimeegemea ukuta nikilia. Akanipa pole, pole ya kweli kabisa, kisha akasema, "Mzee wako apewe heshima. Matangazo ya vifo yatasomwa mchana, lakini wewe si una kile kioo chako? Weka jina lake sasa."

Nikamwambia si familia yote iliyokwisha kujua.

"Kwani utatangaza? Ni maandishi tu."

Ningeweza kukuambia meneja ndiye aliyenipotosha, mwanangu. Si kweli. Niliwaza magari yote kuanzia Chepseon mpaka Mulot, na jina la baba likiwaka ndani yake. Mtu aliyechuma majani chai maisha yake yote, na jina lake halijaandikwa popote ila kwenye kitambulisho na kadi ya kituo cha kuuzia majani. Nilitaka watu wamjue baba yangu. Na nikisema ukweli wote, nilitaka wanijue mimi. Nikajidanganya kwamba nimekatazwa mdomo, vidole havikutajwa.

"Amefariki" lilizidi kwa herufi moja, nikaandika "ameaga". Tena akina arap Bii, jina la baba, ni wengi huku kwetu, nikaona watu watachanganyikiwa, nikaongeza jina la mahali petu. Nilikuwa makini sana, na hilo linaniaibisha kuliko yote. Kioo kikawa kinabadilika: MZEE. ARAP BII. SIGOWET. AMEAGA.

Wilson alikuwa ameshatoka Mulot, na baba mdogo bado yuko njiani. Ndani ya lori alikuwa amembeba mama mmoja mfanyabiashara wa mahindi, ambaye baadaye alikuja matanga akatusimulia haya huku akijifuta macho na leso. Wilson alikuwa akijisifu.

"Unaona hayo maandishi, mama? Ndugu yangu ndiye huandika."

"Wacha! Ndugu yako? Na wewe mbona unabeba magunia?"

"Kichwa yote alichukua yeye. Mimi nikaachiwa mgongo."

Wakacheka. Mama yule akainama asome vizuri. "Sasa leo ameandika nini? Mzee... arap Bii... Sigowet... ameaga. Woi, pole yao! Dereva, si wewe ni wa huko Sigowet? Huyu mzee unamjua?"

Wilson alisimamisha lori kando ya barabara, akaacha redio iwake, akayasoma mwenyewe mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baba mdogo aliliona lori kutoka kwenye gari alilopanda, akashuka na maneno yake aliyoyapanga njia nzima. Hakuwa na wa kumwambia tena.

Jioni tulikutana nyumbani, mbele ya watu. "Ulikuwa na namba yangu, Reuben," Wilson akasema.

"Niliandika kwa heshima."

"Heshima ya nani?"

Baba mdogo hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikwambia ufunge mdomo, ukaenda kutafuta mlango mwingine." Nilitamani anipige.

Baada ya mazishi nilimtuma mchungaji kwa Wilson. Nikawatuma wazee. Nikamwandikia ujumbe kwenye simu, mrefu, wenye maneno mazuri. Kwenda mwenyewe, kukaa kwake, kunywa chai yake na kusema nimekosa, sikwenda. Niliona aibu, na aibu ile nikaiita subira.

Sasa kila mmoja wenu ana kioo chake mfukoni, na hakina kikomo cha herufi nane. Nakusihi, mwanangu, habari ya msiba wa mtu isitoke kwenye vidole vyako kabla hujajua nani anastahili kuisikia kwanza, na kutoka mdomo wa nani. Ukiombwa uiandike, hata na mtu mwema, kataa. Na ukishakosea, usitume watu wala maandishi. Nenda kwa miguu yako, hata kama utafungiwa mlango. Kaa nje mpaka ufunguliwe.

Mungu akupe ndugu wa kula nao, na akupe ujasiri wa kuwafikia mapema. Mimi sikuwa na ujasiri huo. Wilson alikufa mwaka juzi, baada ya miaka kumi na miwili bila kukanyaga kwangu wala mimi kwake. Nilikuwa na ndugu mmoja tu, nikampoteza angali hai.