Namba Inayorudi

Kuna siku moja ambayo naikumbuka kwa namba yake, mwanangu, si kwa tarehe: nyuzi arobaini na mbili. Wengine hukumbuka siku ya ndoa au ya msiba. Mimi nakumbuka uzi wa zebaki ndani ya kioo, na mama mmoja aliyekuwa akiutazama pamoja nami.

Nilikuwa kijana, nimeacha shule darasa la tano kwa sababu sikuweza kutulia mahali pamoja. Nilikuwa nimeshavua sambaza, wale dagaa wa ziwani, kule Rubona, nimeshapakia viazi Kanama, na kila nilipofika niliuliza maswali hadi wenye kazi wakanichoka. Ndipo Fundi Anastase akanichukua katika karakana yake ya sabuni, hapa Gisenyi, karibu na mpaka. Mzee yule hakunichoka. Alisema udadisi ni mtaji, ila mwenye nao ajue kungoja.

Sabuni tuliipika kwa mawese kutoka ng'ambo, Kongo. Palikuwa na wachuuzi waliochanganya mawese na mafuta mepesi, na sabuni ya mafuta hayo hubaki laini kama ugali uliokosa unga. Kwa hiyo kila mzigo tuliupima. Tulichukua mafuta kidogo, tukayachemsha kwa soda kali, tukayatenganisha kwa asidi, tukayaosha na kuyakausha, kisha tukayamimina yangali moto katika neli ya kioo yenye kipimajoto. Unakoroga polepole, unatazama yakipoa. Mafuta ya mawese safi huganda karibu na nyuzi arobaini na tano. Yakigandia chini ya arobaini na nne, yamechanganywa.

Lakini hapo pana jambo la kushangaza, na hata leo hunishangaza. Zebaki hushuka, ikapita mahali pa kugandia, kana kwamba mafuta yamesahau. Halafu yanakumbuka. Yanaanza kuganda, na katika kuganda yanatoa joto lake yenyewe, zebaki inapanda tena. Hapo unaacha kukoroga, unangoja. Kule juu itakakosimama ndiko kwenye jibu. Fundi alinionyesha mara nyingi. Siwezi kusema sikujua.

Mzigo ulioshindwa tuliuchora msalaba wa chaki kwenye kidumu, ukarudi mpakani mchana kweupe, ili wanunuzi wengine wauone. Ndiyo ilikuwa desturi.

Siku hiyo Fundi alikwenda Kanama kwenye maziko, akaniachia kipimajoto kwa mara ya kwanza. Akaja Mama Furaha wa Goma, aliyetuuzia mawese miaka mitano, na vidumu vyake viwili vya manjano. Alikuwa mama wa utani, hakuna ambaye hakumtania. Alikaa karibu nami akila hindi la kuchoma, akisubiri.

"Docteur," aliniita, "mawese yangu iko na malaria?"

Nikacheka. Wapishi wa sabuni nao wakacheka, na yeye alipoona wanacheka akaongeza.

"Na we hii udocteur ulisomea wapi? Si nasikia darasa la sita ilikufungia mulango?"

Wote wakacheka tena. Mimi sikucheka. Mwanangu, jeraha la mtu aliyeacha shule ni dogo, lakini halifungi. Niliinamia neli nikaitazama zebaki ikishuka: arobaini na tano, na nne, na tatu. Ikafika arobaini na mbili, ikatulia kidogo.

"Arobaini na mbili," nilisema, kwa sauti ninayoionea haya mpaka leo, maana ilikuwa na furaha ndani yake.

Mama Furaha aliweka hindi chini. "Pima tena, mutoto wangu. Mi sijachanganya kitu. Ni mafuta ya dada yangu, niliona inatoka kwa moto."

Nilikuwa nimeshachukua chaki. Nilichora misalaba miwili, mikubwa kuliko ilivyohitajika.

Alibeba kidumu kimoja mgongoni, mbebaji wake akachukua cha pili, wakatoka. Mimi nikarudi kuosha neli. Mafuta yalikuwa yamekwisha kuganda, meupe kama nta, na zebaki imesimama kwenye arobaini na tano.

Mlango ulikuwa wazi. Bado niliuona ule msalaba ukishuka barabarani mgongoni mwake, haujafika mbali kuzidi urefu wa uwanja wa mpira. Miguu yangu, iliyokimbia shule, ikakimbia mitumbwi na kila kazi niliyopewa, siku hiyo ilikataa kukimbia. Nilijiambia atapata mnunuzi mwingine. Nikaosha neli.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi ulimi ulishajikwaa, nikaogopa hata kuinua dole.

Kila mzigo tulibakiza chupa yake ndogo. Siku chache baadaye Fundi, ambaye hakuamini kwamba mama yule angeweza kuiba, alipima chupa ile mwenyewe. Aliniweka mbele yake akanishika mkono juu ya meza, tukaitazama zebaki ikishuka, kisha ikipanda. Hakugomba.

"Namba ya chini, hapo mafuta yamepotea njia tu," alisema. "Namba yake ni ile yanayorudi nayo. Wewe umemkatia mtu hukumu yuko njiani."

Akaandika barua ya kumsafishia Mama Furaha jina, akanituma Goma. Nilimkuta sokoni akiuza makaa kwa mafungu. Hakuna mnunuzi wa Gisenyi aliyegusa mawese yake tena, na pale mpakani wenzake walishamwita Mama Musalaba. Nilimsomea barua. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. "Siku ileile, mama. Ulikuwa ungali barabarani."

Alipanga fungu moja la makaa, akalipanga tena.

"Bon," alisema. "Ile ya kupima mubaya nimekusamehe. Hata mi naunguzaka maharage. Lakini ile ya kuniona naenda, ukanyamaza, ile ubaki nayo."

Nimebaki nayo. Niliiacha karakana mwezi uleule, nikazunguka Bukavu, Uvira, Kigali, na popote nilipokwenda ilikuja nami. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekwisha kuzeeka pamoja nami.

Siku hizi chaki mnayo mfukoni, ndani ya simu. Kabla chai haijapoa mtu ameshachorwa msalaba, na umevuka mpaka kumtangulia. Basi nakuomba, mwanangu: ukimwona mtu anashuka, usiandike kitu bado. Acha kukoroga. Hasa akiwa amekuuma kwa utani, ngoja mara mbili, maana mkono wenye hasira husoma namba unayoitaka. Na ukigundua umekosea, kimbia angali barabarani. Kosa linasameheka, zile hatua ambazo hukukimbia hazina wa kukusamehe.

Mungu akupe jicho la kungoja, na akupe miguu. Na siku wewe utakaposhuka chini kabisa, akuwekee karibu mtu wa kukungoja mpaka upande.