Zebaki Mahali pa Mafuta Meupe

Masalu alikwisha kuaga maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu. Daktari alimsikiliza kifua, akamwambia wazi kwamba akirudi kuvuta vumbi la mwamba hatazeeka. Basi akajifunza kutengeneza redio, akaweka meza kwenye baraza la duka la Zakir, Kahama mjini.

Lakini redio za bei chee zilipojaa sokoni, ikiharibika moja mtu ananunua nyingine, na Masalu akabaki kufukuza nzi. Ndipo Donatus, karani wa kambi ya watafiti wa dhahabu, alipomletea kompyuta ndogo ya kukunja, iliyokuwa ikichemka na kujizima katikati ya kazi.

"Nkoi, rafiki yangu, ukiiponya hii bosi anakuajiri," alisema. "Kambini hatuna fundi. Ila Jumamosi naitaka."

Masalu akaanza kuota. Na ndoto ya maskini, jamani, haina breki.

Alipoifungua aliona ugonjwa. Kati ya kile kidude kinachofanya hesabu na bati la aluminiamu la kukipooza, mafuta ya kupitisha joto yalikuwa yamekauka yakawa unga. Yalitakiwa mapya, yale meupe yanayopakwa kwenye transista kubwa za redio, na yaliyobaki kwenye kopo lake yalikuwa magumu kama ukoko.

"Subiri, Bwana Masalu," Zakir alimwambia. "Mwanza yapo. Mvua ikipungua, basi litapita."

Mvua za El Nino zilikuwa zimekata barabara, na Jumamosi haimsubiri mtu. Grisi ya baiskeli ingeyeyuka. Dawa ya meno ingekauka. Ndipo akaikumbuka zebaki, ile iliyobaki kwenye kichupa chake tangu machimboni. Ni madini, inapitisha joto, haikauki. Miaka yote ya machimbo aliishika kwa mkono, ikakamata dhahabu na kuacha mchanga, wala haikuwahi kumdanganya. Masikini, alikuwa ameijua ndani ya karai la chuma tu. Akalisugua bati kwa msasa mpaka likang'aa, akadondosha tone, akafunga.

Kompyuta ikawaka, ikakaa asubuhi nzima bila kuchemka. Donatus akaondoka nayo anacheka. Nyumbani Paskazia, mkewe, akapika wali.

Jumatatu Donatus alirudi, hacheki. Walipoifungua, bati lilikuwa limeota nywele nyeupe kama ukungu wa mkate, na Masalu alipoligusa likamomonyoka. Zebaki, isiyokula chuma, ilikuwa imelila lile bati la aluminiamu. Vitone vilivyobaki vilitambaa vikaunganisha nyaya zisizotakiwa kukutana, na chombo kizima kikaungua.

"Nimwambie nini bosi?" Donatus aliuliza.

"Mwambie fundi alikuwa mchimbaji."

Donatus hakumtukana, na hilo lilimuuma zaidi. Habari ikazunguka mji. Hata wenye redio mbovu wakapita ng'ambo ya barabara. Masalu aliketi pale barazani siku baada ya siku, moyo umekufa, akijua kwamba mlango ule hautafunguka tena.

"Baba Blessing," Paskazia alisema jioni moja, macho yake chunguni, "Mageni anatafuta watu wa kushuka duarani kwake, kule Geita."

"Nimesikia."

"Na kifua?"

Masalu akachukua nyundo yake uvunguni. Alfajiri alipanda lori la Geita. Aliliogopa lile shimo kuliko kitu chochote duniani, na akashuka. Kule chini nyundo ya kwanza ilipopasua mwamba, vumbi likamjaa mdomoni. Akalimeza, akainua nyundo tena.