Santuri Isiyokwaruza

Jumanne saa nne asubuhi, mwalimu mmoja alizuiwa mpakani Sirari akirudi kutoka Isebania, alikokwenda na gramafoni kumpigia shemeji yake santuri tatu anazozipenda.

"Ndugu mwalimu, vya zamani vinapita, vipya vinabaki hadi vilipiwe ushuru," alisema afisa wa forodha, akaweka sindano kwenye santuri ya kwanza.

Ya jazi ilikwaruza, ikapita. Ya rumba iliruka mara mbili, ikapita. Ya tatu, ya piano ya Ulaya, ilitoka safi.

"Hii mpya."

"Ninayo tangu sijaoa. Naifuta kwa pamba kila Jumapili."

"Basi usafi umekuponza." Afisa akainua sindano.

Mwalimu aliinama, akaendeleza wimbo kwa pua pale piano ilipokatizwa, vidole vikigonga meza, hadi mwisho.

"Mwanangu," mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi alimwambia afisa, "wimbo usio na maneno haushikwi kwa siku moja. Huyo amezeeka nao."

"Ngoja nihakikishe," alisema afisa.

Siku hizi anayetunza kitu ndiye anayetakiwa kujieleza. Mwalimu alivuka na santuri zote saa sita, baada ya afisa kuihakikisha ile ya piano mara tatu, kila mara hadi mwisho.