Jina Nililoolewa Nalo

Nilipochumbiwa, walimu wenzangu pale Garsen hawakuniuliza habari za mahari wala za nguo. Waliuliza, "Sasa tutakuita Bi nani?" Jibu nilikuwa nalo. Jioni moja, darasa likiwa tupu, niliandika jina langu ubaoni, nikaliunga na la ukoo wa mchumba wangu. Nikarudi nyuma nikalitazama, kisha nikalifuta haraka kama mwizi.

Mchumba wangu ni Mworma, daktari wa mifugo. Mimi ni Mpokomo wa kijiji cha Wema, binti wa mkulima wa mpunga. Sote ni Waislamu, lakini kwao ni ng'ombe na kwetu ni shamba, na ng'ombe akiingia shambani maneno hayaishi. Mtu wa Tana akisikia jina la baba yangu, hahitaji kuuliza kwetu ni wapi. Nikajiambia, nikichukua jina la mume nitapokelewa kwao kwa urahisi zaidi.

Nilimuuliza anaonaje.

"Jina ni lako," akasema. "Amua mwenyewe."

Jibu hilo liliniudhi wiki nzima. Nilitaka anibembeleze.

Basi nikaamua kumpelekea mama yake habari hiyo mwenyewe, kama zawadi. Mimi na mchumba wangu tulimkuta nje ya nyumba akifukiza vibuyu vya maziwa. Akanimiminia kikombe, maziwa yananukia moshi. Nikanywa, nikafuta midomo, nikasema, "Mama, nikishaolewa nitatumia jina la hapa kwenu."

Akanitazama. Akamtazama mwanawe.

"Baba yako iko?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Yupo, mama."

"Amekukataa?"

"Hapana!"

"Sasa jina yake imekosa nini?"

 Mchumba wangu alikuwa amegeuka, anajifanya kutazama ng'ombe, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Kumbe alijua tangu mwanzo! Kwao, mama akanieleza, mwanamke haachi jina la baba yake. Yeye mwenyewe aliletwa pale akiwa msichana, akazaa, akamzika mume, na hadi leo anaitwa kwa jina la baba yake.

Ikabidi niseme kilichokuwa moyoni. "Mama, naogopa. Watu wa hapa wakisikia jina langu watajua mimi ni Mpokomo."

"Wajue!" akasema. "Watauliza, huyu mtoto ya nani? Nitawaambia, mtoto ya fulani, ile ya mpunga. Sasa mimi pia iko na ndugu Wema."

Nilicheka huku machozi yananitoka.

Siku iliyofuata nikaenda Wema kumweleza baba. Nilimkuta shambani, jembe mkononi. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba nataka kubadili jina, na mama yangu alinidokezea kwamba siku hizo alikuwa anakula kidogo.

"Baba, jina lako nabaki nalo. Mama mkwe amekataa niliache."

"Nani amekataa?"

"Mama mkwe."

"Yule mama wa Kiorma?" Akaweka jembe chini. "Hebu sema tena alivyosema."

Nikarudia yote, mpaka hilo la ndugu Wema. Baba alicheka hata akakaa kitako kwenye tuta, akapiga goti lake kwa kiganja. Kesho yake, kabla sijarudi Garsen, alikuwa amepakia gunia la mchele kwenye bodaboda, amevaa kanzu yake ya Idi, anakwenda kumjulia hali huyo ndugu yake. Alirudi na kibuyu cha maziwa na sifa zisizokwisha.

Siku ya nikaha yeye ndiye aliyeniozesha. Nilikuwa nimekaa na wanawake, tunasikiliza kwa kipaza sauti. Alitaja jina langu, kisha lake, kisha la babu, polepole kama anayeonja asali. Kabla hajamaliza, mama mkwe akapiga kigelegele pembeni yangu, kirefu, kikavuka hadi upande wa wanaume. Shangazi zangu wakakidaka. Sheikh akasikika akicheka ndani ya kipaza sauti, akangoja tumalize ndipo aendelee.