Jeti Mbili za Fundi wa Salama

Mwezi uliopita nilifungua kabureta ya gari la marehemu baba, na nikaweka bisibisi chini kabla sijalegeza hata skrubu ya pili. Usinicheke. Nina digrii mbili, na hakuna hata moja inayojua kutoa skrubu iliyoshika kutu. Gari lenyewe ni kuukuu, limeegeshwa nyuma ya nyumba yangu hapa mjini Wote, na kabureta yake ni ile ile liliyotoka nayo kiwandani. Mhimili wake umelika hadi unacheza kama jino la mtoto, na gaskiti za kuzuia kuvuja zimekauka kama maganda ya mbaazi. Nilikuwa nimenunua vipuri, nimetazama video, nimetandika magazeti mezani. Kisha petroli iliyokuwa imelala ndani ikamwagika, harufu ikapanda, na mimi mwanamke wa miaka hamsini na ushei nikarudi kuwa wa miaka tisa, natafuta ghala la kujificha nyuma yake.

Wakati huo tulikaa chini ya kilima, mwendo wa saa moja kwa gari hadi Salama, na barabara yetu ilikuwa ni ile ya kushuka mto wa mchanga kisha kupanda mlima wa mawe. Baba alikuwa mwalimu, na gari lake lilikuwa la pekee upande ule. Likikohoa, kijiji kizima kilijua. Mwaka huo mama alikuwa mjamzito. Mtoto wa kabla ya mimba hiyo alikuwa amezaliwa nyumbani, hakulia, na mama alibaki kitandani hadi mahindi yakakomaa. Sikuambiwa hayo, niliyasikia kupitia ukuta. Nilimsikia pia muuguzi wa zahanati akimwambia baba kwamba huyu asizaliwe nyumbani, maana akizaliwa nyumbani baba hatazika mmoja, atazika wawili. Tangu siku hiyo nililala nikiwa nimebana shuka kwa meno.

Ndiyo sababu baba alimleta fundi kutoka Salama mapema, likizo ya Desemba, gari liwe tayari kabla ya siku yenyewe. Fundi alikuwa mzee mwembamba mwenye makunyanzi ya ucheshi, aliyevaa koti hata jua likiwa la utosi. Aliomba kitu kipana cha kuwekea vyuma, mama akampa ungo wa Susu. Kwetu nyanya tunamwita Susu, na ungo wake haukuguswa na mtu, lakini Susu alikuwa ameenda mtoni kuchota maji na punda wawili, na foleni ya kisima cha mchangani ilikuwa ya nusu siku.

Namna ya fundi sijaiona tena kwa mtu yeyote. Kila alichokitoa kwenye kabureta alikiosha kwa petroli, akakipuliza kwa mdomo, akakilaza pembezoni mwa ungo, kimoja baada ya kingine, kuzunguka kama mshale wa saa. Hakuandika chochote. Akirudisha, alianza na cha mwisho akirudi nyuma. Alinionyesha jeti mbili ndogo za shaba, zinafanana kama mapacha. Moja ilipitisha petroli ya mwendo wa kawaida. Nyingine ilikuwa na tundu kubwa kidogo, ya kuliongezea gari petroli likibanwa na mlima. Namba zake zilikuwa ndogo kuliko yai la chawa. "Mimi siwezi kusoma hizo," akaniambia. "Mimi nasoma ungo. Kaa hapa, kuku isikanyage." Akaenda dukani kutafuta karatasi ngumu ya kukata gaskiti.

Susu akarudi. Ndengu za kwanza zilikuwa zimepurwa, mawingu yalikuwa yanakusanyika, na ungo wake ulikuwa umejaa vyuma vinavyonuka. Akaniambia nimwage hivyo vitu kwenye sufuria, apepete kabla mvua haijaja. Wewe unayesoma haya labda umelelewa na watu wanaowaambia nyanya zao "ngoja kidogo". Kwetu neno la Susu halikuwa na "lakini" baada yake. Nikamwaga.

Alipomaliza kupepeta alinirudishia ungo, akasema nipange kama vilivyokuwa, vyuma havina mdomo wa kulalamika. Nikapanga. Nilipanga vizuri sana, duara safi, hata nikapata kiburi kidogo. Jeti mbili nilizishika moja kila mkono, nikazitazama mpaka macho yakalia, kisha nikazilaza kwa kubahatisha. Fundi aliporudi nilikuwa nimekaa mahali pale pale aliponiacha. Akanishukuru kwa kuchunga.

Alirudisha kila kitu huku akiimba pambio. Gari likawaka mara ya kwanza. Akaweka glasi ya maji juu ya injini, akainama na bisibisi, akawa anazungusha skrubu kidogo kidogo huku akitazama maji, mpaka yakatulia kama yaliyomo mtungini. Baba akaendesha hadi kisiki cha mpakani na kurudi, mahali pote tambarare, akatoka akitabasamu. Mimi nilienda nyuma ya ghala kujificha.

Tulikuwa hatujamaliza kunywa chai mama alipoita kutoka ndani. Uchungu ulikuwa umekuja majuma matatu kabla ya hesabu.

Baba na fundi walikaa mbele, kwa kuwa Salama ilikuwa njiani kwenda hospitali. Nyuma tulikaa Susu, mama, na mimi niliyepakatia beseni na leso kwa sababu nilikuwa kifungua mimba na wa kike. Tulivuka mto vizuri. Tulipoanza kupanda, gari likapunguza nguvu, likatetemeka, likazima. Baba akaliwasha, likaenda hatua kumi, likazima tena. Mama alinishika paja, akabana. Susu akaanza kuomba kwa Kikamba. Mkono ule wa mama nilikuwa na alama yake kwa siku nne, na nilitamani isitoke.

Nikatumwa kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Fundi alikuwa amefungua boneti, anajisemesha kwamba petroli iko, moto uko, sasa ni nini. Nikamwendea, nikashika koti lake.

"Fundi, nilivimwaga."

"Ulimwaga nini?"

"Vya kwa ungo. Susu alitaka ungo. Nikapanga tena."

Hakunitazama. Aliinama juu ya injini. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na jeti?" Nikasema nilibahatisha.

Alifungua kifuniko cha kabureta palepale kikiwa bado cha moto, akiunguza vidole, akazitoa jeti mbili na kuzibadilisha. Baba akaja, akauliza ni nini. Nilisubiri jina langu. Fundi akasema, "Ni mimi, mwalimu. Nilichanganya jeti. Macho imezeeka." Baba, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, alisema taratibu, "Kitu kikimpata mke wangu, usipite tena hapa." Fundi akaitikia, "Ni sawa."

Gari lilipanda mlima kama lililotumwa. Dada yangu alizaliwa mlangoni pa hospitali, akalia. Mama alipoteza damu nyingi, na kwa siku tatu hakuna aliyeniambia kama angeishi. Aliishi. Baba akatoa ushuhuda kanisani jinsi Mungu alivyotuokoa na fundi kipofu, na akautoa tena kila mwaka, na mimi nikiwa kwenye kwaya nilisema Amina pamoja na wengine. Kufikia Pasaka hakuna mtu wa upande wetu aliyempelekea fundi yule hata baiskeli.

Wiki jana nilienda Salama. Pale alipokuwa akifanyia kazi sasa wanauza simu. Mama mmoja muuza chai, mzee wa kutosha, alifikiri kidogo nilipomweleza. "Si ni yule aliharibu gari ya mwalimu, bibi yake akitaka kuzaa?" Akasema alihamia Kiboko, akalima nyanya, akafa kitambo.

Nikamwambia hakuliharibu, ni mimi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, watu wakinunua mandazi kati yetu. Alisikiliza huku akimimina.

"Sasa hiyo unaniambia mimi?" akasema. "Mwalimu ulimwambia?"

"Alikufa."

"Nyanya yako?"

"Alikufa."

"Mama yako?"

Mama yuko. Ana miaka themanini na ushei, na tangu baba aondoke ushuhuda ni yeye anayeutoa, neno kwa neno, na fundi kipofu yumo ndani yake. Wengine wote ambao wangeweza kunichapa au kunisamehe wameondoka na haki hiyo. Nilimlipa muuza chai, nikaingia garini mwangu, nikampigia mama simu kwamba Jumamosi nakuja, nina jambo. Akauliza kama ni jambo zuri. Nikasema, mama, ngoja nifike, na nikashangaa kusikia sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto.