Madumu Manne Kwenye Kona ya Olmotonyi

Dada mmoja tusiyemjua alikaa kijiweni kwetu karibu nusu saa akisikiliza tunavyomcheka mtu, na hakuna aliyejua kwamba mtu mwenyewe ni yeye.

Naitwa Joel. Nilimaliza chuo mwaka juzi, shahada ya utalii, na tangu hapo naosha magari kwa Godwin, Lemara, hapa Arusha.

Kuosha magari sioni aibu. Aibu yangu iko kwingine, na ndiyo inayonifanya niandike.

Kwa Godwin kuna kijiwe. Kila Jumapili watu wakitoka ibadani wanaleta magari, na maji yakianza kutiririka ubishi nao unaanza. Si wa mpira. Ni wa mbio za magari.

Godwin ni mtu wa Formula One. Loserian, dereva wa watalii, ni mtu wa rali. Sisi wengine tunaegemea upande wenye kelele zaidi siku hiyo.

Tuna ukurasa wetu mtandaoni, Wabishi wa Lemara. Na tuna sheria moja: maneno matupu hayahesabiki. Ukisema mbio zako bado ziko hai, toa simu utuonyeshe. Ukikosa video, unafunga mdomo mpaka Jumapili ijayo.

Siku hiyo Godwin alikuwa amewaka.

"Rali imekufa, kubalini tuizike. Dunia nzima watengenezaji waliobaki hawajazi vidole vya mkono mmoja. Hapa kwetu ndiyo kabisa. Unakula vumbi saa tatu ili upitiwe na magari kumi, na matatu yanachemsha."

"Afadhali vumbi," Loserian akamjibu. "Wewe unatazama msafara wa harusi. Aliyetoka mbele ndiye anafika mbele. Mkiona wamepishana, ujue mmoja kasimama kubadilisha matairi."

"Wanakimbia kilomita mia tatu kwa saa, mzee."

"Hata ndege inakimbia. Umewahi kukata tiketi ukatazame ndege inavyopita?"

Watu wakacheka. Loserian ana mdomo, hilo nimpe.

Dada yule alikuwa kwenye benchi, karibu na mama wa chapati. Sweta la kijivu, kitambaa kichwani, mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa sweta. Tulidhani anasubiri gari la mtu lioshwe.

"Na mimi niseme?" akauliza.

"Sema, dada yetu," Godwin akamwambia. "Wageni tunawasamehe video."

"Dereva wa Formula One anaijua kona. Ameizunguka mara mia kwenye mashine ya mazoezi kabla hajapanda ndege kwenda huko. Wa rali haoni kitu. Anakanyaga mafuta kwa sababu mtu pembeni yake amemwambia kanyaga. Rali itakufa siku wawili hao wakiacha kuaminiana. Hayo mengine ni idadi tu."

Hata mashine ya maji niliizima.

"Umeongea," Loserian akasema. "Sasa huyo wa pembeni akisinzia je?"

Akatoa simu.

Video ile ni ya sekunde tisa. Gari jeupe linachomoza kutoka kwenye miti, kona inakata kulia, gari linaserereka kama sahani kwenye meza, linakwenda kujipigilia kwenye msonobari. Basi.

Chini yake yameandikwa: NAVIGETA KALALA, MTI UMEMWAMSHA.

Hayo maneno niliyaandika mimi.

"Msitu wa Olmotonyi, miezi saba iliyopita," Loserian akamweleza. "Video hii ndiyo ilifufua rali Arusha. Godwin alinyamaza wiki nne mfululizo."

"Nasikia navigeta mwenyewe ni dada yake dereva," Godwin akasema. "Ukimpandisha dada yako akusomee njia, atakusomea salamu za wasikilizaji."

"Angepelekwa kusoma matangazo ya usharika," mwingine akadakia.

"Hata huko asingefaa. Ubarikio wa kipaimara ungetangazwa watoto wameshaoa."

Tulicheka mpaka mama wa chapati akatikisa kichwa.

Yule dada aliomba video irudiwe. Akaitazama tena hadi mwisho, taratibu, kama mtu anayesoma majibu ya daktari. Kisha akautoa mkono mfukoni. Vidole viwili vilikuwa vimejikunja, havinyooki.

"Nilisoma kulia tano, upande wa kona na ukali wake," akasema. "Na nilisoma kwa wakati. Naitwa Eunike."

Ungetegemea watu waombe radhi. Mimi nilitegemea hivyo.

Godwin alifuta povu mikononi. "Pole sana, dada. Ila na mti nao ulikuwa na haki ya kusomewa."

Wakacheka tena, zaidi ya mara ya kwanza, kwa sababu kunyamaza kungekuwa kukiri.

Na mimi nilicheka. Kidogo, lakini nilicheka.

"Nani aliipiga hii?" Eunike akauliza.

Wote wakanitazama.

Nilitoka naye hadi barabarani. Hakunifokea, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

Dereva ni kaka yake, Yona. Mgongo ulivunjika, hatembei. Yona alisema hospitalini kwamba mdogo wake alichelewa kusoma, kisha video yetu ikaja na maneno yale yale, na mama yao akaamini mara mbili. Tangu hapo Eunike anaishi kwa shangazi yake Tengeru. Akienda nyumbani, mama hapokei hata kikombe cha maji mkononi mwake.

"Aliniambia nimemuua mwanawe, sema tu hajazikwa," Eunike akasema.

Kisha akaniuliza alichokuja kuuliza.

"Kona ile tulishaipita asubuhi, ilikuwa kavu. Mvua haikunyesha. Mchana tukateleza kama tumekanyaga sabuni. Video yako inaanza gari likichomoza. Ina mwanzo?"

Ningeweza kusema haina. Alikuwa tayari kuondoka.

"Ina mwanzo," nikasema. "Dakika moja na nusu."

Alifumba macho.

"Jumamosi mama yuko nyumbani. Umwonyeshe, yeye na Yona. Yote, usikate hata kidogo. Unaniahidi?"

"Nakuahidi, dada."

Sasa niwaambie kilichokuwa kwenye hiyo dakika moja na nusu.

Loserian alikuwa ameshindwa ubishi Jumapili tatu, hana video ya maana. Rali ilipokuja alijaza madumu manne kwenye bomba la Godwin, akayapakia kwenye gari, tukapanda Olmotonyi. Magari yalikuwa yanapita njia ile mara mbili. Yalipomaliza mara ya kwanza, msimamizi wa kona akaenda kujisaidia, na Loserian akamwaga maji.

Alisema magari yatelezeshe mkia tu, video inoge.

Mimi nilishika simu. Nilirekodi kila kitu, nikisimamisha na kuendelea. Baadaye nikakata mwanzo wote, nikabakiza sekunde tisa, nikajiambia kwamba hakuna aliyekufa.

Jumatano Loserian alinikuta nikifuta vioo. Mama wa chapati alikuwa ameshamwambia alichosikia barabarani.

Lazima mjue kwamba huyu ndiye aliyenitafutia kazi. Kampuni anayoendesha ilikuwa imekubali kunichukua niwe msaidizi wa mwongoza watalii. Barua nilikuwa nayo. Ningeanza Jumatatu.

"Ukienda Jumamosi kwa wale watu, Jumatatu usije," aliniambia.

"Nimemwahidi, kaka."

"Umemwahidi kama nani? Mwanamume anaahidi anachokimudu. Wewe msomi wa watu bado layoni, mvulana, hujatahiriwa akili. Na kumbuka, mle kwenye video hamna sauti yangu peke yake."

Alikuwa sahihi. Hamkuwa na yake peke yake.

Jumamosi saa nne nilishuka Maji ya Chai. Eunike alinipeleka hadi kwenye duka moja la njiani, chini ya shamba lao, akasimama.

"Mimi naishia hapa," akasema. Akanionyesha paa la nyumba katikati ya migomba.

Mama alikuwa shambani akikata majani ya ng'ombe. Nilimkuta Yona peke yake sebuleni, kwenye kiti cha magurudumu, anatazama mbio kwenye runinga.

"Karibu, ndugu. Wewe ni wa Formula One au rali?"

"Rali," nikasema.

"Pole."

Tulicheka wote wawili. Kwa kweli nilimpenda mtu yule. Nilimweleza kwamba nimeleta jambo litakalompa amani na dada yake. Nilikuwa naamini hivyo kabisa, nina furaha kama mtu anayepeleka habari ya kuzaliwa mtoto.

Aliomba aone kabla mama hajaingia. Nikampa simu.

Akaona Loserian anashusha madumu. Akaona dumu la kwanza, la pili, la tatu. Uso wake haukubadilika.

Kisha Loserian kwenye video anasogea pembeni, anaweka simu sikioni. Anasikika vizuri: "Kona iko tayari, kaka. Madumu matatu tu. Ukifika hapo ilaze ubavu iteleze, leo tunawafunga midomo."

Miezi saba nilidhani alikuwa anaongea na mtu wa kijiweni.

Yona aliisimamisha video. Akanirudishia simu.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua matatu." Alinong'ona. "Loserian ni rafiki yangu, alitaka video ya gari likiteleza, nikakubali. Nilipiga hesabu ya matatu, nipunguze kidogo, niilaze vizuri. Nilipofika pale palikuwa bwawa. Sijawahi kuelewa kwa nini."

Nilikuwa naelewa.

"Kwa nini hukumwambia Eunike?"

"Asingepanda gari. Unamjua alivyo."

"Na baadaye?"

"Mama aliniuliza nikiwa kitandani, hata siku sijui ni ipi. Nikasema Eunike alichelewa kusoma. Lilinitoka tu. Halafu nikaona mama ananitazama kwa huruma, nikashindwa kulirudisha." Akanishika mkono. "Ndugu yangu, mama ndiye ananiogesha. Ananigeuza. Akijua kwamba nilijitakia, na nikamfukuzia binti yake, atanigusa kwa mkono gani? Futa. Mwambie Eunike simu imeharibika. Yeye ana miguu, atakwenda popote."

Ana miguu. Alisema hivyo hivyo.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu sana. Wewe ni rafiki yake Yona?" Akatua mzigo wa majani, akanawa, akanimiminia chai kabla hata sijajibu. Mama mwembamba, ana kicheko cha upesi. Aliketi karibu na mwanawe, akamfuta jasho kwa kitenge chake, na Yona akafumba macho.

Nilishika simu na kikombe.

Nilijua naweza kuionyesha nusu. Sekunde thelathini za maji kumwagika zingemsafisha Eunike. Yona angebaki na mama yake. Na mimi ningebaki na chai yangu, na Jumatatu yangu.

Lakini video iliyokatwa ndiyo iliyomtoa Eunike nyumbani. Niliikata mimi, kwa vidole hivi.

"Mama, dada Eunike amenituma nikuonyeshe kitu. Tafadhali uitazame mpaka mwisho."

Yona alifumbua macho.

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. Madumu yakamwagwa. Loserian akapiga simu yake. Halafu Loserian akaninong'oneza, "Yanatosha," na sauti ya tatu ikasikika, karibu kabisa, ya mtu aliyeshika simu, sauti changa yenye furaha: "Ongeza na la nne, itoke vizuri."

Likamwagwa la nne. Gari la kwanza likachomoza.

Mama aliomba nirudie. Nikarudia.

"Huyu anaongea na nani kwenye simu?"

Yona aligeuza uso dirishani. Mama alimtazama kisogo kwa muda mrefu, na kile kitenge alichokuwa akimfutia jasho kikabaki hewani.

"Na huyu anayesema ongeza?"

"Ni mimi, mama."

Alinyanyuka. Akachukua kikombe mkononi mwangu, akaenda mlangoni, akamwaga chai nje.

"Nenda kamwite binti yangu," akasema bila kunitazama. "Ukishamwita, usirudi hapa."

Nikiwa nashuka kwenye migomba nilisikia kilio cha mwanamume. Sikusikia sauti ya mama ikimbembeleza.

Simu ikaingia ujumbe. Loserian: "Nimeambiwa umepita Tengeru asubuhi. Nafasi yako nimempa mwingine."

Nilidhani ukweli ukifika nyumba inapona. Ndivyo nilivyoamini tangu utotoni, na bado nataka kuamini. Ila pale ulifika ukakuta watu watatu, ukamwinua mmoja na kumwangusha mwingine, na sijui atainuliwa na nani.

Ninyi mnaobishana mbio za nani ziko hai, bishaneni hadi koo zikauke, ni raha yake. Lakini mkiona mmoja ameishiwa hoja na anaanza kutafuta ushahidi wa kutengeneza, ondokeni hapo. Msishike simu. Na msiseme ongeza.

Eunike alikuwa amesimama pale pale dukani, kama hajapumua tangu nimwache.

"Umeonyesha yote?"

"Yote, dada. Maji tuliyoyamwaga kwenye kona, hata sauti yangu ikisema liongezwe dumu la nne. Mama anakuita."

Alinitazama. Ndipo akaelewa ule utelezi ulitoka wapi, nikaona jambo likimwingia usoni.

Hakunishukuru. Alinipita, akapanda njia ya nyumbani kwao, kwanza akitembea, kisha akikimbia.