Angalia Mukono Yako

Siku yangu ya kwanza katika kazi hii nilifika uwanjani Kadutu nikiwa nimevifunga viatu vyangu kiunoni. Wenzangu waliacha vyao ukutani. Mimi sikuwaamini, na sioni kwa nini ningewaamini. Naiita kazi, ingawa jirani zangu husema raga ni kusukumana matopeni. Niliifanya kama mtu wa mbele mpaka magoti yakakataa, kisha nikawa kocha.

Mkubwa wetu alikuwa prefe, yaani mkuu wa shule, mtu wa tai na filimbi. Alinipima kwa macho akasema, "We mulefu, utaruka mu touche." Touche ni pale mpira, balo kama tunavyouita, unapotoka nje: watu wa mbele hujipanga mistari miwili, talonneur anaurusha katikati, warefu wanaurukia. Talonneur wetu alikuwa Bahati, rafiki yangu tuliyepata naye kipaimara siku moja. Kabla ya kurusha alitamka neno la siri, jina la chakula cha kwetu. Akisema lengalenga, mpira ni wa mtu wa kwanza; sambaza, wa nyuma; sombe, wangu.

Tulipocheza na timu ya Goma, lengalenga zilipita salama na sambaza vilevile. Sombe zote walizirukia kabla yangu. Nani aliwaambia? Dada yake Bahati alikuwa ameolewa Goma. Mwisho wa mechi Bahati alinisogelea, akaninong'oneza, "Angalia mukono yako." Nikaona ananitisha, anataka kunivunja mkono ili ninyamaze. Nilikimbilia kwa Prefe.

"Uko na hakika?" aliniuliza.

"Prefe, ye mwenyewe amenitisha!"

Bahati aliondolewa wiki ileile. Alirudi kwao Katana kulima, hakurusha mpira tena. Mimi nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Nilipokuwa kocha nilibadilisha maneno ya siri kila mechi. Nilikusanya simu za wachezaji. Mwenye shemeji Goma alikaa benchi hata kama ana nguvu za kuvuta lori. Waliniita Papa Mupelelezi, na mimi nilitaka kujua nani alianza kuniita hivyo.

Mwaka jana wachezaji waliponiaga nikistaafu, alikuja kocha wa Goma, yule yule aliyeruka dhidi yangu ujanani. Nilimvuta pembeni nikamuuliza ni nani aliyewapa siri ya sombe. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Papa, hatukujuaka sombe ni nini! Tulikuwa tunaangalia mukono yako tu. Balo ikiwa yako, unafanya alama ya musalaba. Ikiwa ya wengine, Mungu unamusahau."

Kesho yake nilipanda gari kwenda Katana. Bahati alikuwa uani anapukuchua maharagwe, mvi kichwa kizima. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikamwomba msamaha.

"Nilikuambia siku ileile," alisema bila kuinua macho. "Angalia mukono yako. Ungetaka niseme namna gani ingine?"

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alinivutia kiti, akamwita mke wake alete chakula. Ukaja ugali na sahani ya sambaza, visamaki vya ziwani. Nilinawa, kisha mkono wangu ukabaki hewani, nikingoja mtu mwingine aonje kwanza.

Bahati aliona. Akachukua sambaza moja, akaitafuna taratibu, akameza, kisha akanisogezea sahani.